Punje ya Sita

Madamu hakuwahi kununua kitu siku ya kwanza. Alikishika, akakigeuza, akakinusa, akakirudisha mezani pa mwenye mali na kwenda zake. Kesho yake alirudi akakinunua kwa bei ileile aliyotajiwa jana. Mimi ni mfanyabiashara wa mchele pale Kagongwa. Nimekula na kuvaa kwa kupunguza na kupunguziwa, na kwa miaka yote niliyomjua sikuiona faida ya safari ile ya pili. Siku moja nilimuuliza.

"Dalali," akasema, "jana nilikuwa naangalia kitu. Leo nimekuja kumwangalia muuzaji."

Dalali ni mimi. Jina alinipa yeye darasani, na nitaeleza kwa nini. Yeye sote tulimwita Madamu: wanafunzi, walimu wenzake, padri, wauza nyanya. Jina lake lipo, wanaolihitaji wanalo. Mimi nikilitaja nitaona kama namsema mtu mwingine.

Alitufundisha baiolojia katika sekondari moja ya upande wa Shinyanga, jengo la bati jekundu lenye mti mmoja wa kivuli na baiskeli nyingi kuliko wanafunzi. Shuleni kwetu ilikuwa marufuku kuzungumza Kiswahili, na msimamizi wa marufuku hiyo alikuwa Madamu. Akikukamata uwanjani ukimwambia mwenzako "lete mpira", umepata kazi ya kumwagilia bustani wiki nzima. Lakini akishaingia darasani alifunga mlango, akasikiliza kidogo, halafu akasema, "Haya wanangu, sasa tuongee kama watu." Kuanzia hapo somo lilikwenda kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu kabisa liliteremka hadi Kisukuma, ambacho yeye mwenyewe alikisema kwa lafudhi ya Ushirombo iliyotufanya tucheke chini ya madawati. Viatu vya mkuu wa shule vikisikika kwenye korido, sentensi iliyoanza kwa Kisukuma ilimalizikia kwa Kiingereza bila kupumua. Mkuu aliondoka ameridhika. Alistaafu akiamini darasa lile ndilo lililokuwa na Kiingereza safi kuliko yote.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alihimiza kuwahi, na kanisani alifika wakati wa mahubiri. Alifuga kuku, akawapa majina, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuchinjwa. Wakafa kwa uzee, mmoja mmoja, kama masista. Alichora mishipa ya damu ubaoni kwa chaki nyekundu, mkono umetulia kabisa, lakini nilipojikata kidole kwa wembe wa maabara, tone moja tu, Madamu aliketi sakafuni akaniambia kwa sauti ndogo, "Dalali, itoe mbele yangu hiyo."

Na alikuwa na ndoo.

Mtu aliyesoma kwake atakumbuka ndoo kabla ya kukumbuka sura. Siku ya kufundisha jinsi seli inavyotengeneza protini alikuja nayo kwenye keria ya baiskeli, imejaa punje zilizolowekwa usiku kucha ili sindano ipite: karanga, maharage, mahindi, choroko, njugumawe, na kila aina ya kunde aliyoipata. Alisema ofisi ya mkuu wa shule leo ni kiini cha seli. Humo limefungiwa andiko la asili, ambalo limeandikwa kwa herufi nne tu, zikirudiwarudiwa mpaka kichwa kinauma. Andiko lile halitoki. Moto uwake, mvua inyeshe, halitoki. Kwa hiyo mmoja wetu alitumwa aingie na penseli, anakili kipande kinachotakiwa, kisha atoke na nakala. Mkuu alikuwa amekubali kukaa humo ndani akilinda karatasi. Nadhani ndiyo siku pekee alipoelewa kazi yake.

Nakala ilipofika darasani ilitandazwa mezani, na meza hiyo ndiyo ribosomu, kiwanda. Waliobaki tukawa wapagazi. Kila mmoja alifungwa kwenye kipaji cha uso karatasi yenye herufi tatu, na mkononi akapewa punje za aina moja tu. Msomaji alisoma nakala tatu tatu, kwa sauti. Akitaja herufi zinazooana na zako, unakimbia mezani, unatunga punje yako kwenye uzi, unarudi kwenye ndoo kuchukua nyingine. Punje ni amino asidi. Uzi uliojaa punje ndio protini. Na kazi haijaisha, kwa sababu uzi hujikunja, na namna unavyojikunja ndiyo kazi yake: mmoja unakuwa msuli, mwingine ukucha, mwingine unabeba hewa ndani ya damu.

"Nani anajua tunatunga nini?" aliuliza.

"Hatujui, Madamu."

"Hata seli haijui. Inasoma tu. Ndiyo maana nakala ikikosewa haitalalamika. Itatunga kosa hilohilo kwa bidii, tena kwa usafi."

Kipindi kilipokwisha alitutuma jikoni kwa mpishi. Tulizichomoa punje kwenye nyuzi, zikapikwa, tukala somo. Wakati tunatafuna alipita katikati yetu akisema hicho ndicho tumbo linachofanya muda huu: linachomoa punje kwenye nyuzi za maharage, mwili utunge nyuzi zake wenyewe. "Hakuna anayekuwa maharage kwa kula maharage," alisema. Kisha akamtazama kijana mmoja mnene wa Didia, akaongeza, "Hata wewe."

Sasa jina langu. Katika mtihani niliandika kwamba ribosomu husoma herufi mbili mbili. Akanikata alama yote. Nikamfuata ofisini kuomba nusu.

"Madamu, nimekosea herufi moja tu. Mbili na tatu si mbali."

"Kaa hapo. Herufi ziko ngapi?"

"Nne."

"Ukizipanga mbili mbili unapata maneno mangapi?"

Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. "Kumi na sita."

"Amino asidi ziko ngapi?"

"Ishirini."

"Nne zitaitwa na nani?" Nikavitazama vidole vyangu. "Panga tatu tatu."

Ilinichukua muda. Sitini na nne. Nikamwambia hapo seli imepata hasara, imenunua magunia mengi kuliko mzigo. Alicheka, mkono mdomoni, kama alivyocheka siku zote. Akanieleza kwamba hakuna hasara: maneno mengine matatu manne humwita mpagazi mwenye punje ileile, hivyo makosa mengi madogo hupita bila madhara, na maneno machache husema "acha, uzi umekwisha".

"Basi makosa madogo yanasamehewa," nikasema. "Nisamehe nusu."

"Mengi, Dalali. Sikusema yote." Nusu alama sikuipata. Jina ndilo nililotoka nalo.

Ni kwenye somo lile la ndoo pia alipopata misemo yake, ambayo baadaye ilienea mji mzima. Ukimpelekea umbea, alikuuliza, "Hiyo ni nakala ya ngapi?" Ukiazima vyeti vyake au kisu chake kizuri, alikujibu, "Asili haitoki nyumbani." Somo alilianza kwa kusema "A-U-G", kwa sababu hizo ndizo herufi zinazoiambia seli anza. Na mtu akirefusha maneno, alimkata kwa "U-A-A", mojawapo ya maneno yanayosema acha. Kwenye harusi yangu mshereheshaji alikamata kipaza sauti akaanza kusimulia maisha yake mwenyewe. Akaenda, akaenda, pilau ikapoa. Kutoka meza ya wazee sauti ikapaa, "U-A-A!" Wote waliosoma kwetu wakapiga meza kwa vijiko. Mshereheshaji akadhani anashangiliwa, akaongeza dakika nyingine.

Niliolewa, nikahamia Kagongwa, nikazaa mapacha. Kwetu mapacha hawachaguliwi jina: aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto. Wasichana wote wawili, wala hawakufanana. Doto alikuwa na mashavu, Kulwa alikuwa na macho. Baba yao alikuwa mchimbaji upande wa Geita, akishuka duarani, yaani shimoni kwenye dhahabu, wiki kadhaa, akirudi nyumbani na vumbi masikioni. Watoto nililea na mama mkwe wangu, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akinyanyua sauti. Na mapacha aliwalea kama walivyolelewa tangu zamani: sawasawa. Ukimpa mmoja kiazi, mwingine naye kiazi. Mmoja akinyolewa, wote wananyolewa. Ukimfokea Kulwa, mgeukie na Doto umfokee kidogo, asijione ametengwa. Pacha aliyetengwa, mama alisema, anaweza kuamua kurudi alikotoka.

Kulwa akaanza kuumwa. Viganja na nyayo zilivimba angali mdogo, baadaye miguu, mgongo, kifua. Macho yakawa manjano kama ya mtu aliyemulikwa na kibatari. Ndugu wa mume wakasema tambiko la mapacha lilikosewa. Mmoja akasema ugonjwa umetoka ukoo wangu, kwao haujawahi kuonekana. Hospitali walimtoa damu, wakaiangalia, wakasema selimundu: chembe za damu badala ya kuwa mviringo zinajikunja kama mundu, zinakwama njiani, na palipokwama ndipo panapouma. Tukapewa vidonge, kimoja kila siku.

Mimi naondoka alfajiri kwenda sokoni. Kwa hiyo vidonge alitoa mama mkwe, baada ya uji. Na mimi, kwa jinsi nilivyo, kila jioni nilivihesabu, halafu nikavihesabu tena. Vilipungua kimoja kila siku, bila kosa. Lakini Kulwa hakupata nafuu. Mara mbili tulimbeba hadi hospitali akilia kwa sauti ambayo hadi leo nikiikumbuka naacha ninachofanya. Daktari aliuliza, "Dawa anameza?" Nikajibu, "Anameza, nahesabu." Akaandika kitu, akatikisa kichwa. Kulwa alikuwa anaisha mbele yetu, na hakuna aliyejua kwa nini.

Nikampigia Madamu simu. Sikumuomba kitu, nililia tu. Akasema, "U-A-A, Dalali. Nakuja."

Alifika kesho yake na basi la asubuhi, mwavuli mkononi na ile ndoo ndani ya mfuko. Baba Kulwa naye alikuwa amerudi. Madamu alimwamkia mama mkwe, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Mwangaluka."

"Mwangaluka, mama," akaitikia salamu hiyo ya Kisukuma. Akaketi jikoni, akapewa uji, akanywa polepole huku akitazama. Hakuuliza kitu, kwa sababu ilikuwa siku ya kwanza, na siku ya kwanza Madamu haulizi bei. Akalala kwetu. Siku ya pili asubuhi mama mkwe alichukua kidonge, akasema kwa upendo wote duniani, "Doto, njoo. Leo zamu yako." Doto akaachama.

Madamu akanyoosha mkono. "Mama, naomba nikione kidogo."

Siku ya Kulwa, siku ya Doto. Miezi yote ile. Mimi nilihesabu vidonge, midomo sikuihesabu.

Niliinuka na mwiko mkononi, sijui nilitaka kuufanyia nini. Madamu alinitazama kama alivyonitazama siku ya nusu alama. "Kaa hapo," akasema. Nikakaa. Mama mkwe alikuwa ameshaona uso wangu, akakifumbata kidonge.

"Mwalimu, hawa ni mapacha," alisema. "Nimpe mmoja, nimnyime mwingine? Siku Doto akiondoka nitasema nini?"

"Hukukosea kuwataka wawe sawa, mama," Madamu akamjibu. "Nipe ungo."

Alikuwa ameloweka punje usiku, akijua au akihisi, sijui. Alitunga nyuzi fupi fupi nyingi mbele yetu, bila haraka, akimweleza mama kwa Kisukuma chake cha Ushirombo: ndani ya kila chembe ya mwili pana maandishi, na mwili hutunga kwa kuyasoma. Uzi wa damu una punje zaidi ya mia moja na arobaini, lakini tutatunga za mwanzo tu. Nyuzi za Doto aliweka kwenye bakuli la bluu. Za Kulwa alizitunga vilevile, punje kwa punje, ila ya sita. Hapo alitoka nje, akachuma kishonanguo, yale majani yenye mbegu zinazoganda kwenye sketi ukipita porini, akafunga mbegu moja kwenye kila uzi, mahali pa punje ya sita. Akaziweka kwenye bakuli jekundu.

"Tikisa, mama. Halafu toa uzi mmoja."

Kwenye bakuli la bluu uzi ulitoka peke yake, ukateleza. Kwenye jekundu mama alivuta mmoja, zikaja zote, zimeng'ang'aniana kama nywele za mwendawazimu.

"Punje moja?" mama aliuliza.

"Punje moja. Kwenye maandishi ni herufi moja. Damu ya Kulwa ikishatoa hewa, nyuzi zinagandana hivi, chembe inajikunja, inakwama. Hapo ndipo mtoto analia."

Baba Kulwa alikuwa ameegemea mlango. "Na hiyo herufi," akasema, "ilitoka kwao?"

"Kila mtu ana nakala mbili," Madamu akamjibu. "Moja ya baba, moja ya mama. Ukiwa na moja nzuri, hutaumwa hivi, hata hutajua. Kulwa amepata mbovu mbili. Moja alipewa na mama yake. Wewe mchimbaji, nambie ya pili imetoka wapi."

Shemeji zangu wangekuwepo wangekuwa na la kusema. Mume wangu akasema, "Duarani kamba ikikatika, kila aliyeivuta anatazama mikono yake." Akaingia ndani, akamchukua Kulwa akampakata, akaitazama miguu yake iliyovimba. Tangu siku ile neno la ukoo halikutamkwa nyumbani kwangu, na aliyekuja nalo kutoka nje alikutana naye mlangoni. Wiki iliyofuata tulikwenda kupima sote, na Doto pia, kwa sababu Madamu alisema dawa ile kwa asiyeumwa si mboga. Mimi nakala moja mbovu. Mume wangu moja mbovu. Doto moja mbovu, moja nzuri, na dawa haikuwa imemdhuru. Nilimwambia mume wangu walivyotuchoma sindano ni kama tunavyochoma gunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea mchele wa kukagua: nje mchele mzuri, ndani unajua mwenyewe. Alicheka kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Lakini pale jikoni mama mkwe alikuwa bado ameshika kidonge. Aliyaelewa mabakuli, ila moyo haukutulia. "Bado mmoja atameza na mwingine atatazama," alisema.

Hapo Madamu akasema jambo ambalo hakutufundisha shuleni.

"Mama, hawa walipokuwa tumboni, damu yao haikutungwa kwa maandishi haya. Kuna ukurasa mwingine, wa tumboni. Mtoto akizaliwa, mwili huufunga polepole na kufungua wa ukubwani. Ukurasa wa tumboni wa Kulwa hauna kosa. Mle walikuwa sawa kabisa. Dawa hii, pamoja na mambo mengine, huufungua tena kidogo ule ukurasa wa zamani. Ukimpa Kulwa kila siku, unamrudisha alipokuwa sawa na mwenzake. Ukimgawia Doto, ndipo unapowatenga."

Mama mkwe alisukuma kuni motoni. Kuni moja ikalia, ikaanguka. Akasema, "Kulwa, njoo." Akamwekea kidonge mdomoni, akampa maji. Kisha akafungua chungu chake cha akiba, akatoa mchembe mmoja, kile kipande cha kiazi kitamu kilichokatwa na kukaushwa juani, kigumu kama ukucha, akamwita Doto. "Na wewe mdomo wako usikae mtupu."

"Wabeja, mama," Madamu akashukuru, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akidai ni moshi.

Kulwa, ambaye alikuwa hajaanza shule, aliuliza, "Nikimeza vyote nitapona?" Madamu hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto. Alimvuta karibu. "Maandishi hayatabadilika, mwanangu. Kidonge hakiingii kufuta. Kinabadilisha siku ya leo. Kesho unabadilisha ya kesho."

Akameza, siku kwa siku. Mwenzake akatafuna. Mchembe ukawa sheria: hata safarini, hata msibani, kidonge cha Kulwa hakishuki mpaka Doto awe na kitu mdomoni. Maumivu hayakuisha yote, sitamuongopea mtu. Bado kuna siku za baridi tunazoziogopa. Lakini mtoto alijaa. Alikimbia. Alianza kuwa mbishi, nikajua ni mzima. Mama mkwe aliishi akamwona anakwenda shule, akafa kwa utulivu wake uleule, na chungu cha michembe akakirithi Doto.

Madamu alistaafu akajenga Didia. Tulionana mara chache, kwa simu zaidi. Halafu mpwa wake anayekaa naye akanipigia. Madamu alikuwa amepata kiharusi, kidogo, mkono wa kushoto umelegea. Daktari amempa dawa za presha. "Anazificha chini ya mto, dada. Akipata kingine hatutakuwa naye. Mimi hanisikilizi, labda wewe."

Nilikwenda na wasichana wote wawili, tayari wako sekondari. Tulimkuta kibarazani, mwembamba, kitenge kimemzidi, kuku mzee miguuni. Mkono mmoja ulikuwa umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa amlindie.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Dalali, umenenepa. Mchele unauuza au unaula?"

"Nakagua ubora."

Alicheka. Mkono uliozoea kufunika mdomo ulikuwa ule uliolegea. Ukanyanyuka nusu, ukarudi. Ndiyo mara ya kwanza nilipoyaona meno yake.

Tulikula, tukapiga soga. Nikaanza maneno niliyoyapanga njiani, ya bei ya juu kushuka chini taratibu. Sikufika mbali.

"U-A-A," akasema. "Mpwa wangu kakuita. Dalali, vile vidonge vinanipeleka chooni kutwa nzima. Nimefundisha watu wengi kumeza. Mimi nimechoka. Uzi una mwisho wake, na mwenyewe nafundisha hivyo."

Nimewahi kupunguziwa na wagumu wengi. Bei hii haikushuka. Nilimtazama mpwa wake, naye alikuwa anatazama chini.

Kulwa ndiye aliyeinuka. Aliingia ndani bila kuomba, tukasikia mto ukigeuzwa, akatoka na vidonge vya Madamu. Akakaa mkekani mbele yake, akatoa na chake kwenye begi.

"Madamu, niliwahi kukuuliza kama nikimeza vyote nitapona. Unakumbuka ulivyonijibu?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka."

Madamu aligeuza uso akatazama karanga zake shambani.

"Na mimi huwa nachoka," Kulwa akasema, taratibu sana. "Sijawahi kukwambia. Wiki nyingine natamani kuvitupa. Halafu nasikia huyu anafungua kopo lake." Alimnyooshea kidole pacha wake. "Siwezi kumwacha anatafuna peke yake."

Doto tayari alikuwa amefungua kopo. Alitoa mchembe wake, akatoa wa pili, akamwonyesha Madamu kutoka mbali, kama mtu anayemwonyesha mteja kitambaa ambacho hajaruhusiwa kukishika. Sijui ujanja huo ameupata wapi. "Kidonge kimoja, mchembe mmoja," akasema. "Bila kidonge, hakuna mchembe. Ni sheria ya bibi."

"Mnanifanyia biashara," Madamu akasema. "Dalali, umezaa madalali."

Akafungua kiganja cha mkono mzima. Kulwa akaweka kidonge humo, akainua chake, akasema, "A-U-G." Wakameza pamoja. Doto akampa mchembe, akakaa kando yake, wakatafuna wawili hao wakitazama karanga.

Tulipoondoka, Doto aliliacha kopo lote juu ya stuli, karibu na vidonge. Nilihesabu vidonge. Nikahesabu na michembe. Nikarudia. Vilikuwa sawasawa.

Mwezi ulipokaribia kwisha, nilikuwa sokoni nimepanda juu ya magunia nikibishana na mtu wa lori, simu ikaita. Nilimwambia mtu wa lori asubiri, nikashuka.

"Dalali," sauti ikasema, bila salamu, kama mteja aliyekuja siku ya pili. "Mwambie Doto michembe imekwisha. Alete mingine."